DEGEDEGE NA DHIMA YETU: TUSIIFANYE QADARI KUWA KISINGIZIO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na wote waliofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulisimama msikitini kwetu baada ya swala ya Alasiri kumswalia mtoto wa miaka miwili. Jeneza lilikuwa dogo kiasi kwamba baba yake alilibeba peke yake mikononi. Tulipokuwa tukirejea kutoka makaburini tuliyasikia maneno tuliyoyazoea: ahadi yake imefika, siku zake zilikuwa zimekwisha. Tukaitikia, kwani hapana Muislamu anayekanusha kwamba kila nafsi ina ajali yake. Lakini siku tatu za mwisho za mtoto yule zilikuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyataja makaburini.

Homa ilianza Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi alikataa kula na kunyonya. Ijumaa usiku macho yake yakageuka, mikono na miguu ikakakamaa kisha ikatikisika. Wazee wa nyumba wakasema hii ni degedege, si ugonjwa wa hospitali, na mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Akaitwa mtu ambaye mtaani anajulikana kwa jina la sheikh. Akamfunga mtoto hirizi shingoni, akaandika kombe kwa zafarani, akaagiza afukizwe moshi. Baada ya muda mtikisiko ukakoma, na nyumba nzima ikashukuru. Mama alitaka kwenda hospitali asubuhi ya Jumamosi, akaambiwa asubiri idhini ya mumewe aliyekuwa safarini. Jumapili alfajiri, mume aliporejea, mtoto alikuwa hana fahamu na viganja vyake vimekuwa vyeupe. Alifika hospitali, akafariki kabla ya Adhuhuri.

Hatuandiki haya ili kumdhalilisha mfiwa. Yeye ni ndugu yetu na huzuni yake ni yetu. Tunaandika kwa sababu sisi wenyewe tulikuwepo. Baadhi yetu tulipita mlangoni pake Ijumaa ile baada ya Isha, tukaambiwa mtoto ana degedege, tukasema "Allah atamponya", kisha tukaenda zetu kulala. Ni nani basi atakayesema kuwa hakuwa na sehemu katika jambo hili?

QADARI SI KISINGIZIO

Ieleweke wazi kwamba kuamini qadari ni nguzo miongoni mwa nguzo za imani. Tunachokipinga ni ile tabia ya kuipuuza sababu aliyoiweka Allah (S.W.), kisha matokeo yakija, tukamtwisha Yeye uzembe wetu.

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Sham, alipata habari kwamba huko kumezuka tauni. Akashauriana na sahaba, akaamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa iwapo anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba wanaitoka qadari moja ya Allah na kuiendea qadari nyingine ya Allah (Bukhari na Muslim). Huyu ndiye Umar, ambaye hakuna katika sisi anayeweza kujilinganisha naye kwa imani. Hakuiona tahadhari kuwa ni upungufu wa tawakkul.

Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawabainishia kwamba Allah hakuuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Dawud na Tirmidhi). Mwenye ngamia naye aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee (Tirmidhi). Ikiwa ngamia anastahiki kufungwa, je, mtoto hastahiki kupelekwa hospitali?

DEGEDEGE NI NINI?

Wapo wanaoamini kuwa degedege ni dege la usiku linalompitia mtoto kwa kivuli chake. Wapo wanaosema ni shetani. Ukweli ni kwamba degedege ni mtikisiko wa mwili unaotokea pale ubongo wa mtoto unapozidiwa, na mara nyingi chanzo chake ni homa kali. Huwapata zaidi watoto wenye umri wa baina ya miezi 6 na miaka 5.

Katika nchi zetu, homa hiyo aghalabu huwa ni malaria. Vijidudu vyake, vinavyoletwa na mbu jike aina ya anofelesi anayeuma usiku, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuziharibu. Chembe zilizoathirika hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia ya damu. Wakati huohuo sukari mwilini hupungua na damu huisha. Ndiyo maana viganja huwa vyeupe, na ndiyo maana mtoto hupoteza fahamu. Degedege pia huweza kuletwa na homa ya uti wa mgongo, ambayo nayo haingoji. Haya ni mambo yanayopimika na kutibika. Lakini ugonjwa huu una haraka: mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi aweza kuwa mahututi usiku wa siku ya pili.

Tusidhani kuwa hili ni jambo dogo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha kwamba malaria huua takriban watu laki sita kwa mwaka duniani, wengi mno katika Afrika, na kwamba katika kila Waafrika wanne wanaokufa kwa malaria, watatu ni watoto walio chini ya miaka 5.

Sasa tuitazame ile hoja ya kwamba sindano huua mtoto wa degedege. Imeenea tangu mwambao hadi bara, na watu wanaitolea ushahidi: fulani alichomwa sindano akafa. Tunawauliza: alichomwa siku ya ngapi? Mtoto hufukizwa siku ya kwanza, hufungwa hirizi siku ya pili, na siku ya tatu, akiwa hana fahamu, ndipo hupelekwa hospitali. Huko huchomwa sindano ambayo ingemfaa siku ya kwanza, naye hufa. Sindano ikalaumiwa, na siku tatu zilizopotea zikaachwa bila lawama. Hakika sindano ya artesuneti ndiyo tiba inayotumika leo kwa malaria kali, na watoto wengi wamefufua afya zao kwayo kwa idhini ya Allah.

Na ile hoja ya pili, kwamba mtoto alifukizwa akapona, nayo ina jawabu. Mtikisiko wa homa mara nyingi hukoma wenyewe baada ya dakika chache, afukizwe mtoto au asifukizwe. Mganga huchukua sifa kwa jambo ambalo lingetokea bila yeye, huku malaria ikiendelea kuila damu ya mtoto. Huu ndio udanganyifu mkubwa, kwa sababu humpa mzazi utulivu katika saa ambazo zilikuwa za kukimbia.

HIRIZI, KOMBE NA MOSHI

Kuhusu hirizi, hukumu yake haikufichwa. Uqba bin Amir (r.a.) amesimulia kwamba watu kumi walimjia Mtume (S.A.W.) kutoa bai'a. Akaipokea ya tisa, akamwacha mmoja kwa sababu alikuwa amevaa hirizi. Ilipokatwa ndipo akampa bai'a, na akabainisha kwamba mwenye kuitundika ameingia katika shirki (Ahmad). Ikiwa mtu mzima alinyimwa mkono wa bai'a kwa sababu ya kile kilichokuwa mwilini mwake, tunawezaje kumvalisha mtoto asiye na hatia, kisha tukatarajia baraka?

Kuhusu kombe, maulamaa wana maneno yao, na hapa si mahali pa kuufungua mjadala huo. Lakini hata anayelihalalisha na afahamu jambo moja: mtoto anayetikisika au aliyepoteza fahamu hawezi kumeza. Anachomiminiwa mdomoni, kiwe kombe, maji, chai ya majani au dawa ya hospitali, chaweza kupita njia ya pumzi na kumziba mapafu. Nani aliyeruhusu kumminia mtoto maji katika mapafu kwa jina la Qur'an?

Ama kufukiza kwa kinyesi cha tembo na kumkojolea mtoto, mambo ambayo yamefanywa na bado yanafanywa katika baadhi ya majumba, hatuhitaji kuyatolea dalili ndefu. Uislamu ni dini ya tohara.

NA SISI "WATU WA SUNNA" JE?

Ndugu zetu, isije ikadhaniwa kuwa tunawanyooshea kidole wengine tu. Haki ni haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Wapo miongoni mwetu waliokata hirizi za watoto kwa mikono yao, wakahutubia dhidi ya waganga, kisha wakafungua vyumba vya kisomo na kuweka bei mlangoni. Mtoto mwenye homa analetwa, anasomewa saa nzima, anapakwa mafuta ya habasoda, anaambiwa arudi kesho na keshokutwa. Tofauti ni ipi baina ya siku tatu zilizopotezwa na hirizi na siku tatu zilizopotezwa na kisomo? Malaria haiulizi mtoto alicheleweshwa na mtu wa bid'a au na mtu wa Sunna.

Sisi hatuikatai ruqya. Ni Sunna iliyothibiti, na mzazi ana haki ya kumsomea mwanawe Al-Fatiha na Al-Muawwidhatain. Lakini amsomee akiwa amempakata ndani ya gari au juu ya pikipiki, njia ya kwenda hospitali. Amsomee kitandani, dawa ikiwa inaingia mshipani. Anayemzuia mtoto mgonjwa chumbani mwake ili amalize kisomo chake kwanza, huyo ameigeuza ibada kuwa pingu.

KIMEO NA MENO YA PLASTIKI

Kuna dhulma nyingine mbili zinazofanywa kwa watoto wachanga, na nyingi zinafanywa katika majumba ya wanaoswali.

Ya kwanza ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa muda mrefu, huambiwa kimeo chake kimerefuka, akaitwa fundi wa kukikata kwa wembe au chombo kilichopindwa. Kimeo hakileti kikohozi. Kikohozi huletwa na nimonia, kifua kikuu, pumu au mafua. Anayekatwa hutoka damu nyingi, hupata uambukizo, na ugonjwa wake wa asili hubaki palepale. Na lau tungeisoma Sunna tungeona kwamba jambo hili lina mfano wake zama za Mtume (S.A.W.). Ummu Qais bint Mihsan (r.a.) alimleta mwanawe ambaye alikuwa amembinya kooni kwa sababu ya ugonjwa ulioitwa udhra. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu wanawake kwa kuwatesa watoto wao kwa kubinya huko, akawaelekeza kwenye dawa iliyokuwa ikijulikana wakati huo (Bukhari na Muslim). Zingatieni: alikemea kumtesa mtoto kooni, akaelekeza kwenye dawa. Kama kubinya kulikemewa, itakuwaje kukata?

Ya pili ni hayo yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, mtu anamfungua kinywa, anaona ufizi umevimba na kuwa mweupe, anasema haya si meno ya kweli. Kisha anayachimbua kwa kisu, kwa msumari au kwa njiti ya baiskeli. Hayo si plastiki. Ni meno ya utoto ambayo bado hayajatoka, naye anayang'oa yakiwa laini. Mtoto aliyekuja na ugonjwa wa kuharisha anaondoka na jeraha kinywani lisilomwacha anyonye, na aliyepungukiwa na maji huzidi kupungukiwa. Baadhi yao hufa kwa kutoka damu, kwa pepopunda au kwa sumu kuingia damuni.

Mafundi hawa na wajue kwamba Mtume (S.A.W.) amemwekea dhamana kila anayejifanya tabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba (Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah). Maana yake ni kwamba akiharibu atalipa. Na mzazi anayemlipa ili aharibu, naye ajihesabu.

ELIMU AMBAYO KILA NYUMBA INAPASWA KUWA NAYO

Allah (S.W.) ametuamrisha kuwauliza wenye elimu tunapokuwa hatujui (An-Nahl 16:43). Katika jambo hili wenye elimu ni madaktari na wauguzi, nao wametuwekea dalili za hatari ambazo hata mama asiyejua kusoma aweza kuzihifadhi. Mtoto akiwa na mojawapo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Amepata degedege, hata kama imekoma.
4. Amelegea mno, hashtuki akiitwa, au amepoteza fahamu.
5. Anapumua haraka, au kifua chake kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi.
6. Viganja na midomo yake imekuwa myeupe.
7. Ni mchanga wa chini ya miezi miwili naye ana homa, au mwili wake ni wa baridi, au ameacha kunyonya, au viganja na nyayo zake zimekuwa za manjano, au kitovu chake kinatoa usaha.

Mtoto akishikwa na degedege, alazwe kwa ubavu mahali salama, nguo zilegezwe, na asitiwe kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si dawa. Asimwagiwe maji ya baridi wala kushikwa kwa nguvu. Mtikisiko ukikoma au usipokoma, safari ya hospitali ianze.

Mtoto mwenye homa bila ya dalili hizo naye asingojewe. Apelekwe kupimwa damu ndani ya siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa takriban robo saa. Ikionekana malaria ya kawaida, atapewa dawa mseto, ambayo Tanzania iliifanya kuwa tiba ya kwanza tangu mwishoni mwa 2006 baada ya dawa za zamani kushindwa nguvu. Hunywewa kwa siku tatu, na wajibu ni kuimaliza hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Isipoonekana malaria, mzazi asilazimishe dawa ya malaria. Aulize homa inatoka wapi.

Kikohozi kinachokwenda na kupumua haraka ndiyo nimonia, wengine huiita kichomi. Hesabuni pumzi za mtoto akiwa ametulia kwa dakika nzima. Mchanga wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa. Hayo yanahitaji saa ya mkononi tu, ile ileile tunayoitazamia wakati wa swala.

Kuhara kunaua kwa kukausha maji mwilini. Macho huingia ndani, utosi wa mchanga hudidimia, na ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Tiba yake huanza nyumbani: chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, iliyoyeyushwa katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, mtoto anyweshwe kidogokidogo kwa kikombe na kijiko kila anapoharisha. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha endeleeni polepole zaidi. Aongezewe vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Na asiachishwe ziwa. Suratul Baqarah aya ya 233 imewawekea akina mama muda wa kunyonyesha wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na madaktari wanasema miezi sita ya mwanzo mtoto hahitaji kitu kingine, hata maji. Akiwa na damu katika choo, au dalili za kukauka zikizidi, apelekwe.

Asije mtu akasema kuwa haya ni ya wasomi na wenye fedha. Mwaka 1971, wakimbizi kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh walipatwa na kipindupindu katika kambi ya Bongaon nchini India. Maji ya kutundika mshipani yalipokaribia kwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamua watu wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, wengine wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Baadaye, katika miaka ya 1980, wanawake walitumwa nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Bangladesh, nchi ya Waislamu masikini kama sisi, wakawafundisha akina mama zaidi ya milioni kumi namna ya kuchanganya maji hayo. Wengi wao hawakujua kusoma. Nini kinachotuzuia sisi?

IDHINI YA MUME

Tunarejea kwa mama yule aliyekaa Jumamosi nzima akimtazama mwanawe akizama, akingoja idhini. Nani aliyemfundisha kwamba dini inamtaka angoje? Mume ni mchunga katika nyumba yake, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mke naye ni mchunga katika nyumba ya mumewe, naye ataulizwa (Bukhari na Muslim). Mchunga gani anayemwona kondoo ameanguka kisimani akasema nangoja mwenye kundi arudi? Dharura ina hukumu yake, na kuiokoa nafsi hakungoji simu ya mtu. Ile aya ya 233 tuliyoitaja imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Ni dhara gani kubwa zaidi ya kumfungia mlango ilhali mwanawe anakufa?

Tunawaambia wanaume wenzetu waziwazi: anayesafiri bila ya kumwachia mkewe idhini ya wazi na nauli ya dharura ameondoka na ufunguo wa uhai wa wanawe mfukoni.

WANAOSEMA HOSPITALI HAZIFAI

Wapo watakaotujibu: mnatupeleka hospitali ambako foleni ni ndefu, dawa hazipo na muuguzi anatukana. Hatuwakadhibishi. Tumekaa katika mabenchi hayo, tumeambiwa tukanunue sindano nje, na tumeona mama akikaripiwa kwa kuchelewa hali amesafiri usiku kucha. Ni dhulma, na anayeifanya atakutana nayo mbele ya Allah.

Lakini dhulma ya hospitali haiifanyi hirizi kuwa dawa. Jawabu la huduma mbovu ni kuidai iwe njema: kwenda kwa pamoja kwa mganga mkuu, kuingia katika kamati za afya za vijiji na mitaa, kuuliza dawa za watoto zilikwenda wapi. Kwa miaka mingi sera ya afya ya Tanzania imetamka kwamba watoto walio chini ya miaka 5 wasamehewe malipo katika vituo vya serikali. Ni Waislamu wangapi wamewahi kusimama na kuidai haki hiyo? Tunajua kupaza sauti juu ya mwezi umeandama wapi. Tupaze pia juu ya hili.

WAJIBU WA MSIKITI

Kila mwaka tunachangishana. Wengine huchangia sherehe ambazo hazina asili, nasi tumezisema sana. Lakini hata sisi tunaojinasibisha na Sunna tunachangia vipaza sauti, mazulia na mabango, ilhali mama wa mtaa wa pili anakosa nauli ya pikipiki usiku. Tunapendekeza yafuatayo kwa kila msikiti:

Kwanza, imamu atoe khutba ya Ijumaa juu ya dalili za hatari, angalau mara moja kabla ya kila msimu wa mvua, kwani mbu huzaliana zaidi wakati huo. Dalili zile saba zibandikwe ukutani upande wa wanaume na upande wa wanawake.

Pili, uwepo mfuko mdogo wa dharura ya watoto, na orodha ya wenye vyombo vya usafiri walioweka nia ya kuamshwa usiku kwa ajili ya Allah.

Tatu, kila anayesomea wagonjwa, awe ustadhi wa madrasa au imamu, asimsomee mtoto mwenye homa kabla ya kuuliza: amepimwa wapi? Kama hajapimwa, aondoke naye.

Nne, wauguzi na madaktari Waislamu watoe saa moja ya wiki kuwafundisha akina mama na, zaidi ya hao, akina baba.

Tano, kila mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa na apelekwe kliniki kwa chanjo zake. Kujikinga ni sehemu ya kumfunga ngamia.

Ndugu zetu katika imani, Suratut Takwir inatukumbusha kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa, Siku hiyo, kwa kosa gani aliuawa. Sisi hatuziki watoto hai. Lakini tujiulize: mtoto yule tuliyemswalia Alasiri ile akisimama akaulizwa ni nani aliyepita mlangoni akasikia kilio chake, na kila mmoja wetu akatajwa kwa jina lake, tutasema ilikuwa qadari?

Tunamuomba Allah (S.W.) amfanye mtoto yule kuwa kitangulizi na akiba kwa wazazi wake, awape subira njema, na atusamehe sisi tuliopita na kunyamaza. Atujaalie tuwe wenye kuchukua sababu na kumtegemea Yeye, wala asitufanye miongoni mwa wanaoiharibu amana kisha wakamsingizia Mwenye amana. Amin.

Wabillahit tawfiq.